Lipeni Deni Kwanza, Shajara Baadaye

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, insha hii naiandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Muhula uliopita, katika somo la maandishi ya nafsi, tulijadili shajara za mwigizaji wa vichekesho wa Uingereza aitwaye Kenneth Williams. Mjadala ulipokolea nilifanya kosa la kusema kwamba nyumbani kwetu Namatala, hapa Mbale, tunalo daftari la marehemu mjomba wangu, ambaye naye alikuwa mchekeshaji. Darasa zima likageuka kunitazama. Mwenzangu mmoja akasema, "Lilete tulisome. Humo ndimo tutakapomwona yeye halisi." Mwingine akasema kwamba nimekwisha kupata tasnifu. Hata mhadhiri wetu, ambaye namheshimu sana, alitabasamu na kuniambia nilifikirie jambo hilo.

Nimelifikiria. Jibu langu ni hapana, na nataka kueleza kwa nini. Tena nataka kudai kwamba swali lenyewe tulilouliza darasani lilikuwa baya. Tuliuliza: mchekeshaji alilia nini alipokuwa peke yake? Swali lililotupasa kutangulia kuuliza ni hili: nani hajamlipa?

Kwa wale ambao hawakuwapo, nianze na Williams. Alizaliwa London mwaka 1926, mtoto wa kinyozi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwa bado mwanajeshi, alikuwa katika kikundi cha kuwaburudisha askari huko Singapore. Baadaye alijulikana Uingereza nzima kwa sauti yake ya puani, katika vipindi vya redio vya BBC na katika mfululizo wa filamu za Carry On ulioanza mwaka 1958. Aliishi peke yake katika fleti ndogo, na kwa miaka mingi mama yake aliishi mlango wa jirani. Alianza kuandika shajara mwaka 1942 akiwa kijana, akaandika mpaka alipofariki Aprili 1988 baada ya kunywa dawa za usingizi kupita kiasi. Mchunguzi wa vifo hakuweza kuamua kama alikusudia au la. Mwaka 1993 sehemu ya shajara hizo ilichapishwa kuwa kitabu, na mwaka 2015 madaftari yenyewe, 43 kwa idadi, yakaingia katika Maktaba ya Uingereza.

Wasomaji wengi walishtuka. Mtu aliyewachekesha kwa miaka thelathini alikuwa ameandika juu ya upweke, maumivu ya mwili, chuki juu ya kazi yake mwenyewe na hamu ya kufa. Tangu hapo neno likawa moja: kumbe kicheko kilikuwa kinyago, na shajara ndiyo uso. Hivyo ndivyo tulivyosema sisi pia darasani. Nami nasema kwamba tulikosea, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza. Mtu huandika shajara wakati gani? Anapokuwa peke yake, usiku, kazi imekwisha na wenzake wameondoka. Jioni anapocheka na rafiki hana kalamu mkononi. Basi ni ajabu gani shajara ikijaa upweke? Ukitaka kujua Mto Namatala ukoje, huendi siku ya mafuriko tu ukaandika kwamba mto huu ni matope na vilio. Sisi tuliokuwapo Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, tunayajua matope hayo. Lakini tunaujua pia mto wa siku nyingine zote, ule wa kufulia nguo na wa kumwagilia mpunga. Siku zote ni mto uleule. Kadhalika mtu wa jukwaani na mtu wa daftari ni mmoja, wala hakuna haki ya kumwita wa usiku wa kweli na wa mchana mwongo.

Isitoshe, hata daftari lina hadhira. Inasimuliwa kwamba Williams aliwatania rafiki zake kwa kuwatishia kuwa atawaandika katika shajara yake. Mtu anayesema hivyo anajua kwamba siku moja kuna jicho litakalosoma. Na hicho kitabu tunachokishika mkononi si shajara yote. Ni kitabu kimoja kilichochujwa na mhariri, Russell Davies, kutoka maneno yanayohesabiwa kwa mamilioni. Mhariri alichagua, kama apaswavyo kuchagua, lakini sisi tuliosoma tulichagua tena. Tuliruka kurasa za kazi tukakimbilia kurasa za machozi.

Hapo naingia katika sababu ya pili. Williams alipenda wanaume, na sheria ya Uingereza ililihesabu jambo hilo kuwa jinai mpaka mwaka 1967, alipokuwa na umri wa miaka 41. Kwa hiyo yako mambo ambayo hakuweza kuyasema kwa sauti yake, na penye mdomo uliofungwa mtu hutafuta kalamu. Jambo hilo ni la msingi katika kuelewa kwa nini shajara ziliandikwa. Lakini mnakumbuka tulilifanyia nini? Nusu ya kipindi chetu iliishia hapo, kwa minong'ono na vicheko vya nyuma ya darasa. Hatukuwa tunasoma tena fasihi. Tulikuwa tumekaa barazani tunamteta mtu. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na ndipo niliposikia baridi tumboni, kwa sababu nilikwisha kutaja daftari la mjomba.

Nilijiuliza: siku nikilileta, watacheka wapi? Mjomba aliishi katika nyumba za vyumba vya kupanga, ambako ukikohoa jirani anakupa pole kupitia ukutani. Hakuwa na mahali pa kuwa peke yake isipokuwa ndani ya daftari lile. Tena ameandika majina ya watu walio hai: majirani, mwanamke aliyemwacha, ndugu aliyemdhulumu. Nilipomuuliza mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alinijibu hivi: "Mwanangu, daftari hilo si lako wala si langu. Limejaa watu." Siri ya mtungi aijuaye kata. Wenzangu, sisi tulitaka kuupasua mtungi ili tuone kata iliona nini.

Mtaniambia kwamba marehemu hana siri. Sheria yetu haisemi hivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006, haki ya mwandishi katika maandishi yake inaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na daftari la kurasa 96 lililonunuliwa dukani ni maandishi kama kitabu chochote. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria. Hata kama sheria ingeniruhusu, ningebaki na sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa.

Niwaeleze mjomba alifanya kazi gani. Alianza katika kibanda cha video, kama mfasiri wa filamu. Mnaijua kazi hiyo: filamu ya Marekani au ya China inaonyeshwa, na mtu anashika maikrofoni anawasemea waigizaji kwa lugha ya watazamaji. Kwa kuwa Namatala yetu ina Wagisu, Wateso, Wakaramoja, Wagwere na wengine wengi, aliwasemea kwa Kiswahili cha sokoni, na kila mhusika alimpa lafudhi yake. Jambazi alisema kama mpangishaji nyumba anayedai kodi, na polisi kama bibi anayepima malwa. Watu walikuja kumsikiliza yeye, filamu ikawa kisingizio. Kutoka hapo akaitwa kwenye harusi, na katika kila mwaka wa shufwa, imbalu inapofunguliwa pale Mutoto na ngoma za kadodi zikaanza kuzunguka, hakuwa na usiku wa kupumzika. Kampuni moja ilimpandisha kwenye gari la vipaza sauti akatangaza bidhaa zake mitaani kwa wiki kadhaa. Wagombea siasa walimkodi ili akusanye umati kabla ya wao kufika.

Mnataka kujua kilichomo ndani ya daftari? Nitawaambia sehemu moja tu, kwa ruhusa ya mama. Zaidi ya nusu ya kurasa ni hesabu. Ameandika tarehe, mahali, kiasi walichopatana, kiasi alichopewa na kilichobaki. Harusi fulani, shilingi 50,000, alipewa 20,000 na sahani ya wali. Mwenye kibanda, wiki tatu, hakupewa kitu. Mgombea fulani, aliahidiwa baada ya kura, akashinda, hakupatikana tena kwenye simu. Kampuni ile ya gari la vipaza sauti, malipo ya wiki ya mwisho bado, na pembeni ameandika "bado" mara saba, kila moja kwa wino wa siku nyingine. Hiyo ndiyo shajara ya mchekeshaji mpweke. Ukiniuliza chanzo cha upweke wake, nitakuonyesha kurasa hizo kabla ya nyingine yoyote. Mtu asiyelipwa hawezi kumwalika rafiki chakula. Humkwepa mwenye duka, hapokei simu ya ndugu anayeuliza karo, na anaacha kwenda kwenye michango kwa aibu. Upweke una mambo mengi ndani yake, sikatai, lakini wa mjomba ulikuwa na bei, na bei yenyewe imeandikwa.

Mazishi yake nayakumbuka. Mtu mmoja ambaye jina lake limo katika daftari, mwenye deni la shilingi 60,000, alisimama mbele ya waombolezaji akashika maikrofoni, akasema marehemu alikuwa hazina ya Namatala, kisha akatoa shilingi 100,000 za rambirambi. Tukampigia makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, maana wakati huo nilikuwa sijalifungua daftari.

Sasa angalieni nje ya familia yetu. Benson Wanjau, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang, alituchekesha kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi cha televisheni ya KBC. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Mjaluo kwa ustadi hata wengi hawakuamini kwamba si Mjaluo. Katika uzee wake macho yalimsumbua, na watazamaji wake ndio waliochangishana ili atibiwe. Alifariki Nairobi mwezi Julai 2015. Amri Athumani wa Tanga, Mzee Majuto wetu, aliigiza katika filamu na matangazo mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba isiyomfaidi zilifika mpaka kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa wa Tanzania. Alifariki mwezi Agosti mwaka huohuo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Sijui kama wazee hawa waliandika shajara, wala sihitaji kuziona ili niseme kwamba mtu aliyelipwa sawasawa hahitaji kuchangiwa na watazamaji wake.

Na Williams mwenyewe? Yeye alikuwa London, katika nchi tajiri, lakini kurasa tulizoziruka zina hadithi ileile kwa kipimo kingine. Waigizaji wakuu wa filamu zile walilipwa takriban pauni 5,000 kwa filamu, mara moja, basi. Filamu ziliporudiwa kwenye televisheni mwaka baada ya mwaka, walioziigiza hawakuongezewa. Nchi nzima ilimcheka bure, na baada ya kifo chake ikanunua kitabu ili imwonee huruma. Tazameni mkondo wa fedha ulivyokwenda: kicheko chake kilirudiwa bila malipo, na huzuni yake ikauzwa dukani.

Kuna hadithi ya zamani ya Ulaya ambayo huenda mmeisikia. Mtu mwenye huzuni anakwenda kwa daktari, na daktari anamshauri aende akamtazame mchekeshaji maarufu wa mjini. Mgonjwa anajibu kwamba mchekeshaji huyo ndiye yeye. Wengi wanaipenda hadithi hii. Mimi siipendi, kwa sababu inatufanya tuamini kwamba mchekeshaji amezaliwa na huzuni yake kama mtu anavyozaliwa na alama mwilini, kwamba huzuni hiyo ndiyo inayompa kipaji, na kwamba hakuna la kufanya isipokuwa kutikisa kichwa. Imani hiyo ni nafuu kwetu. Anayeamini hivyo hadaiwi chochote.

Mila zetu zina akili zaidi. Huko Tanzania mtani anakuja msibani, analala mahali pa maiti, anawakejeli wafiwa mpaka wanacheka katikati ya kilio, na kabla hajaondoka anapewa haki yake. Hakuna anayemfuata nyumbani usiku kuchungulia kama analia. Watu wanajua kwamba kuchekesha ni kazi, tena kazi nzito, na kazi ina ujira.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kijinga. Mwenzangu aliyetaka nilete daftari aliniambia baadaye: "Bila shajara, hata hayo madeni usingeyajua. Ukilificha, mjomba wako atasahauliwa kama wengine wote." Ni kweli kwamba daftari ndilo lililonifumbua macho. Ni kweli pia kwamba wachekeshaji wetu wanakufa na maandishi yao yanaishia kufungia karanga. Kwa hiyo sisemi shajara zichomwe, wala sisemi zisisomwe milele. La mjomba limefungwa katika mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la mama, na siku wote waliotajwa humo watakapokuwa wamepumzika, wajukuu wataamua. Ninachokataa ni sisi kuanza na mwisho: kumpuuza mtu akiwa hai, kisha kumfanya matini akiwa kaburini.

Tena nawauliza: mbona hakuna hata mmoja wetu aliyeomba vichekesho vyake? Darasa lilitaka machozi ya mjomba, halikutaka kujua jinsi alivyoweza kuwaunganisha watu wa makabila sita katika kibanda kimoja cha mabati kwa Kiswahili ambacho walimu wetu wangekikata kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo sanaa, na haikurekodiwa. Hapo ndipo tulipopata hasara ya kweli, maana daftari lipo lakini sauti imekwenda.

Basi natoa mapendekezo, na naomba idara yetu iyajadili. Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu amtafute mchekeshaji mmoja aliye hai katika mtaa wake, awe mfasiri wa filamu, mshereheshaji wa harusi au mzee wa vitendawili, amrekodi akifanya kazi yake. Pili, mtu huyo alipwe kwa muda wake siku hiyohiyo, hata kama tutachanga sisi wenyewe. Tatu, aandikiwe mapatano kwa lugha anayoielewa: nani atasikiliza rekodi, nani atafaidika ikiuzwa, na kama ana daftari, anataka lifanywe nini atakapoondoka. Tumuulize yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wakati bado anaweza kujibu hapana.

Nami nimeanza. Pale Namatala yuko kijana ambaye sasa anashika maikrofoni katika kibanda kilekile alichoanzia mjomba. Jumamosi iliyopita nilimwendea na simu yangu nikamwomba kumrekodi, nikamlipa shilingi 15,000 kabla hajafungua mdomo. Alizihesabu mara mbili, akanitazama kwa mashaka, akauliza, "Kaka, hizi za nini? Bado sijakuchekesha."